Chai Moto Mara Nne

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa nyuma ya dramu, usije ukamcheka mtu anayejifunza. Ukiwa upande wa pili, chupa ya soda mkononi na mwenzio anakuvuta mkacheze, utamwona mpiga dramu anatikisa kichwa na kutabasamu, ukadhani jamaa anastarehe tu. Anastarehe wapi! Mikono miwili na miguu miwili inafanya kazi nne, na kati ya kazi hizo ipo moja ambayo watu wengi hawaisikii mpaka ikome. Hiyo ni kazi ya haihati, yale matoazi mawili yanayokabiliana kwenye mti mmoja wa chuma, la juu limelala kifudifudi na la chini chali, mguu wa kushoto ukiyabana kwa pedeli. Yanaposema tsi-tsi-tsi-tsi, tsi-tsi-tsi-tsi, nne ndani ya kila pigo bila kupumzika, ndipo watu wanapoinuka vitini bila kujua ni nani kawainua.

Habari ya hizo nne ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Wenyewe kwenye bendi wanaziita sikstini, kwa sababu baa moja ya muziki (si hii ya bia) ina mapigo manne, na kila pigo ukilikata mara nne unapata vipande 16. Mimi si fundi. Nimemaliza kidato cha nne, cheti changu kipo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, ninaandika riwaya ambayo imefika sura ya saba, na riziki yangu ilikuwa kukaa mlangoni kwenye ukumbi mmoja huku Temeke, nikipokea kiingilio na kuandika hesabu kwenye daftari. Kurasa za mbele za daftari lile zilikuwa za ukumbi. Za nyuma zilikuwa za riwaya. Mwenye ukumbi hakuwahi kuligeuza, nami nilikuwa naomba Mungu asiligeuze.

Bendi inayopiga pale ni ya dansi, ya watu wazima watupu. Mpiga dramu wao nitamwita Mzee, inatosha. Ukimwuliza amekikalia kiti kile miaka mingapi hakutajii miaka, anakutajia marais: alianza Mwalimu akiwa Ikulu, na tangu hapo amewaona wote wakiingia na kutoka. Mwaka huu mkono wake wa kulia ukaanza kufa ganzi. Ulianzia vidoleni ukapanda hadi kwenye kiwiko. Kijiti kikawa kinamponyoka katikati ya wimbo, na kijana mmoja wa mpiga tumba akapewa kazi ya kuchuchumaa pembeni ya jukwaa kuokota. Wachezaji walidhani ni vichekesho vya jukwaani. Walipiga makofi.

Mwenye ukumbi hakupiga makofi. Si mtu mbaya yule, ila ni mtu wa hesabu. Akawaita wanamuziki akawaambia kwamba kinanda kimoja kina dramu ndani, kina tumba ndani, hakili ubwabwa wala hakidai nauli ya bodaboda. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na mnajua bendi za dansi mwezi ule hupumzika. Akasema Idi mosi anataka kumwona mtu wa kueleweka kwenye kile kiti. Asipokuwepo, Idi pili kinanda kinaingia. Mzee akajibu taratibu, "Kinanda umeme ukikatika kinakuwa meza." Watu wakacheka, lakini tarehe haikubadilika.

Kwa nini alinichagua mimi? Kwa sababu ya biki. Nikikosa neno la kuandika nina tabia ya kugonga meza kwa biki, na mkono wa pili hujibu kwa kucha. Mzee alipita mlangoni akasimama akasikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mkono wako wa kushoto, unaanza au unafuata?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kuuliza. Akasema kwa siku thelathini hawezi kunifanya mpiga dramu, hayupo mtu duniani anayeweza, ila anaweza kunifanya mpiga nyimbo sita. Na nyimbo sita, ukizichelewesha kidogo kwa solo la gita, zinamaliza usiku wa Idi. Malipo ya kiti ni sh. 15,000 kwa usiku. Yeye ana mjukuu wa darasa la sita anayemtegemea. Mimi mlangoni nilikuwa napata sh. 7,000. Tukapatana tugawane.

Tulianza siku ya pili ya mfungo, saa kumi jioni, ukumbi mtupu, viti vimepandishwa juu ya meza. Nilidhani nitakabidhiwa vijiti. Akaniambia nikae juu ya kreti, nifunge macho, niseme "chai moto."

"Mzee, tumefunga."

"Sema."

Basi nikasema. Cha-i-mo-to. Cha-i-mo-to. Yeye akawa anagonga mguu kila inapofika "cha." Wazungu, aliniambia, wanahesabu wani-i-endi-a, na yeye alifundishwa hivyo hivyo zamani, lakini hakuona sababu ya kuazima hesabu za watu wakati chai anayo nyumbani. Na ukiangalia vizuri, ndugu zangu mnaoandika, Mzee alikuwa ameshika jambo. Kiswahili chetu hulemea silabi ya pili kutoka mwisho. "Chai" inalemea kwenye "cha," "moto" inalemea kwenye "mo." Kwa hiyo katika vipande vinne, cha kwanza na cha tatu vinajitokeza vyenyewe, na vya pili na vya nne vinajificha, nawe hujafanya juhudi yoyote. Haihati nzuri ndivyo inavyotaka. Vipande vyote vinne vikiwa na nguvu moja vinakuwa cherehani. Usiku ule nilikaa natafuta maneno mengine ya kufaa. "Karibuni" haikunipendeza, uzito wote unaenda kwenye "bu." "Baba Juma" inafaa sana. Nikampelekea kesho yake, akaikataa, eti Juma ni jina la mtu anayemdai.

Siku tatu nzima ilikuwa mdomo tu, na mguu, na makofi kila inapofika "cha" ya pili na ya nne. Jaribuni wenyewe mkiwa na njaa ya saa kumi jioni, kutaja chai moto mara mia tatu. Mate yanajaa mdomoni mpaka unaogopa kuyameza.

Kisha ikaja mikono. Nyumbani nilitumia mto. Mto haurudishi kijiti, kwa hiyo kifundo cha mkono kinalazimika kunyanyua chenyewe, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Simu zina programu za kugonga mwendo, lakini yangu chaji ilikuwa haikai, nikatumia saa ya ukutani. Saa inagonga mara 60 kwa dakika, na huo ndio mwendo bora wa kuanzia. Kila mgongo mmoja wa saa ni "chai moto" moja: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mkono wa kulia unachukua "cha" na "mo," wa kushoto unachukua "i" na "to." Dakika moja ni mapigo 240. Mama alikuja akasimama mlangoni, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, huo mto umekukosea nini?" Nikamwambia ni mambo ya Idi. Akasema kama ni kwa ajili ya Idi basi nipige na zulia, nitoe vumbi.

Polepole ni noma kuliko haraka. Haraka mikono inajificha ndani ya kelele. Polepole, ile "i" ya mkono wa kushoto ikichelewa kidogo tu unaisikia kama mtu anayechechemea kwenye korido. Mzee alinipa dawa: anza na kushoto. Dakika tano kila siku mkono wa kushoto uchukue "cha" na "mo." Halafu shika vijiti kama unavyoshika ndege, asipae na asife. Ukikamia, mkono unachoka kabla ya ubeti wa pili, na sauti inakuwa ya bati.

Siku ya nane nikakaa kwenye kiti chenyewe. Wanafunzi wenzangu popote mlipo, hapa msome taratibu, maana hapa ndipo penye shimo.

Vijiti vyote viwili viko juu ya haihati, kulia kushoto kulia kushoto. Mguu wa kushoto umebana, usilegee, ukilegea toazi zinakoroma. Mguu wa kulia unapiga kiki, yaani besi, kwenye "cha" ya kwanza na ya tatu. Ile ya pili na ya nne ni za snea, ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma tumboni. Nani anaipiga snea, na mikono yote ina kazi? Mkono wa kulia. Unatoka kwenye haihati baada ya "mo," unashuka kwenye snea unapiga "cha," unarudi juu kuiwahi "mo" inayofuata. Kushoto haondoki, anaendelea na "i" yake na "to" yake kama hakuna aliyesafiri. Kwa hiyo haihati haisikiki mara 16 katika baa. Inasikika mara 14, na pale penye mapengo mawili pana snea.

Kwa mwendo wa 60 safari hiyo ya kulia inachukua nusu sekunde kwenda na nusu sekunde kurudi. Unaona ni nyingi. Sasa fika 96, ambao ndio mwendo wa wimbo wa nne katika zile sita, unabaki na kama theluthi moja ya sekunde. Mkono ukiogopa kuchelewa, unawahi. Ukiwahi, snea inaingia kabla ya wakati, mpiga besi anageuka kukuangalia. Mzee akaniambia siri ni kutoinua mkono juu sana. Snea na haihati ni majirani, mtu haendi kwa jirani na begi. Akaishusha haihati kidogo, akaisogeza snea, ikawa safari ya shibiri moja na nusu.

Haihati ndani ya muziki, nilivyokuja kuielewa, ni kama vile "na," "ya," "kwa" ndani ya sentensi. Hakuna msomaji anayemaliza riwaya akazisifia. Zitoe uone.

Wiki ya tatu tukaongeza kiki. Na hapa nawatahadharisha: kiki ikiangukia kwenye "mo" ni rahisi, kwa sababu mkono wa kulia na mguu wa kulia ni ndugu, wanashuka pamoja. Kiki ikiangukia kwenye "to," mguu wa kulia unatakiwa ushuke na mkono wa kushoto, na hawa wawili hawajuani. Mzee alinifanya nisimamishe muziki wote nikabaki na hao wawili tu, kushoto na mguu, "to," "to," "to," kama watu wanaotambulishwa harusini. Ilichukua siku nne. Siku ya tano niliusikia mguu umeenda wenyewe.

Katika mapumziko, maana Mzee alikuwa anachoka upesi, tulikaa kwenye ukingo wa jukwaa akanisimulia. Anakumbuka mwaka 1969 muziki wa soul ulivyopigwa marufuku hapa Dar, ikasemwa unapotosha vijana, yeye akiwa bado mtoto wa kaptula. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, kule Cincinnati, Marekani, James Brown na bendi yake walirekodi wimbo wenye jina la mpiga dramu, "Funky Drummer." Aliyekaa kwenye kiti ni Clyde Stubblefield, kijana wa Chattanooga, ambaye hakusomea ngoma popote, alisema mwenyewe kuwa alijifunza kutoka kwenye sauti za viwanda na treni za mji wake. Sikstini zake alizipiga kwa mkono mmoja wa kulia, zote, huku wa kushoto ukinong'ona kwenye snea. Miaka ya themanini watu wa rapu wakakikata kile kipande cha dramu peke yake wakakitumia tena na tena. Public Enemy wamo, na wengine wasiohesabika. Stubblefield alifariki mwaka 2017, na kwa kazi yote ile iliyokatwa na kubandikwa alipata kidogo mno, maana jina lake halikuandikwa kwenye utunzi. Wenzangu mnaopeleka hadithi zenu huku na huku, someni mikataba.

Nilimwuliza Mzee kama anavichukia vinanda na mashine. Akasema hapana, anachochukia ni kulinganishwa. Mimi nilikuwa nimesoma juu ya mashine ya Roland inayoitwa TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ambayo vijana wa Bongo Fleva wanaitumia sauti zake mpaka leo, wengi bila kujua zinatoka wapi. Haihati yake si toazi lililorekodiwa, ni umeme mtupu uliotengenezwa ufanane na toazi. Na mbele ina vitufe 16 kwenye mstari mmoja, kila kitufe kipande kimoja cha baa. Nilipomwambia Mzee hivyo alicheka sana. "Chai moto mara nne," akasema. "Kumbe na wao!"

Idi ikaandama. Usiku wa kuamkia nilizichana kurasa za nyuma za daftari nikazifunga kwa uzi, kwa sababu mlangoni angekaa mdogo wangu, na mdogo wangu akiona maandishi lazima ayasome kwa sauti.

Sitawachosha na habari ya usiku wenyewe. Ukumbi ulijaa, kanzu na magauni mapya, watoto wamelala kwenye viti, joto la kufa mtu. Mzee aliketi kwenye kreti nyuma ya bega langu la kushoto na kayamba moja mkononi. Nyimbo tatu za kwanza zilikuwa za mwendo wa chini. Ya nne ilipofika, mpiga solo akaanza peke yake, akanipa ishara kwa nyusi. Sikumbuki mikono. Nakumbuka sauti ya mtu mzima sikioni mwangu ikisema chai moto, chai moto, chai moto, chai moto, bila kupanda wala kushuka, na kwamba kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani ambaye kila "cha" ya pili bega lake lilikuwa linaanguka pamoja na snea. Nikaacha kumwangalia mpiga besi nikawa namwangalia yule mama. Wimbo ulikwenda dakika kumi na moja. Kwa mwendo ule ni zaidi ya mapigo elfu nne. Nilipomaliza, mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama umelowa maji.

Mwenye ukumbi hakunisifu. Alihesabu fedha za mlangoni, akazihesabu tena, kisha akasema kinanda ameshakilipia nusu kwa hiyo kitakuja tu. Kitapiga Alhamisi na mwimbaji mmoja. Ijumaa na Jumamosi dramu ibaki. Mzee akauliza malipo ya Alhamisi yatakwenda wapi, akajibiwa kinanda hakilipwi. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mzee anachukua sh. 8,000, mimi 7,000, na mlango nimemwachia mdogo wangu. Ukipiga hesabu, fedha yangu ya usiku haijaongezeka hata shilingi. Mama ameshanieleza hivyo mara kadhaa, na kila mara namwambia asubiri.

Riwaya nayo ipo. Sura ya nane nimeianza Jumatatu, naiandika Alhamisi ile ya kinanda, nikiwa nyumbani, na kutokea kwetu kikilia nakisikia. Hakikosei. Mdogo wangu anasema wateja wa Alhamisi wanakaa tu, wanakula, lakini yeye ni mtu wa kunifurahisha, simwamini sana.

Mwezi huu Mzee amenianzishia sikstini za mkono mmoja. Kulia pekee kwenye haihati, vipande vyote 16, ili kushoto ubaki huru kwenye snea. Si nguvu, ni ujanja wa kifundo. "Cha" unaipiga kwa shingo ya kijiti kwenye ukingo wa toazi, mkono ukishuka. "I" unaiokota kwa ncha, juu ya toazi, mkono ukipanda. Tena "mo" ukishuka, "to" ukipanda. Mwendo mmoja wa mkono unazaa sauti mbili, na kwa macho unaona mkono umetulia kuliko unavyosikia.

Kuna shida moja. Mkono wake wa kulia hauwezi tena kunionyesha. Ukishika kijiti sasa unatetemeka. Basi juzi alivuta kreti akaketi upande wa pili wa haihati, tukatazamana uso kwa uso, akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa snea, nami nikawa namfuatisha kwa wa kulia kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Tulianza na mwendo wa saa ya ukutani. Tukapanda kidogo kidogo. Mzee alifika 90. Mimi bado niko 72.